Saiklokrosi au graveli? Ukijenga baiskeli moja ya kazi zote, anza na fremu

Kama una nafasi ya baiskeli moja tu, na unataka hiyo hiyo ikupeleke kazini siku za wiki, wikendi ikuingize kwenye njia za vumbi na matope, alafu siku ukijisikia uingie nayo kwenye mashindano, utajikuta unazunguka kwenye majina mawili, saiklokrosi (baiskeli ya mbio fupi za majani na tope) na graveli (ya safari ndefu za changarawe). Kuna la tatu, ile ya lami ya kawaida ambayo watu wanaivalisha tairi nene kidogo wakitegemea itatosha. Mimi nimejenga tatu kwa mikono yangu, mbili saiklokrosi na moja graveli, na kuna sehemu nilikosea vibaya, kwahiyo hapa nalinganisha kitu kwa kitu ili wewe usipite nilipopita.

Nianze na jambo moja ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Kila kitu kwenye baiskeli kinabadilishika, gia, breki kwa kiasi fulani, tairi, usukani, siti, kasoro fremu na foki. Nafasi ya tairi ikiwa ndogo hutaiongeza. Matundu ya kufungia keria yasipokuwepo ndo hayapo. Fremu ikiwa haina mahali pa kufunga breki ya diski basi utaishi na breki za rimu mpaka uiuze. Kwahiyo akili yako yote iweke pale kwanza, hayo mengine tutayazungumza lakini yana msamaha.

Saiklokrosi imezaliwa na kazi gani

Ukijua kwanini ilitengenezwa hivyo ndo utaelewa kwanini inafaa hapa na haifai pale. Huu mchezo ulianzia Ufaransa, mashindano ya kwanza ya taifa yalifanyika kule 1902, na ubingwa wa dunia wa kwanza ukaja 1950 pale Paris, aliyeshinda ni Jean Robic ambaye miaka mitatu kabla yake alikuwa ameshinda Tour de France. Mpaka leo wenye mchezo hasa ni Wabelgiji na Waholanzi. Mzunguko ni mfupi, kilomita 2.5 mpaka 3.5, unazungukwa tena na tena, wanaume wakubwa wanakimbia kama saa moja hivi, na njiani kuna majani, mchanga, tope, ngazi na vizuizi vya mbao visivyozidi sentimita 40 ambavyo wengi wanashuka, wanabeba baiskeli begani, wanaruka, wanapanda tena.

Sasa angalia hiyo kazi inadai baiskeli ya namna gani. Inadai iwe nyepesi kubebeka, ikate kona kali haraka, ipitishe tope bila kukwama, na nyaya zisipite mahali pa kuziba uchafu. Hamna mtu anayebeba mzigo saa ile. Hamna anayehitaji chupa tatu za maji kwa mbio za saa moja. Na sheria za UCI, shirikisho la baiskeli la dunia, zinasema tairi isizidi milimita 33, kwahiyo fremu nyingi zilichorwa kuzunguka tairi hiyo, na nafasi inayobaki pembeni ni ya tope kupita, sio ya wewe kuweka tairi nene zaidi. Hapo ndo watu wengi wanapokosea, wanaona uwazi mkubwa wanadhani ni wa tairi la 42.

Graveli imekuja baadaye na kazi yake ni nyingine kabisa, ni masaa manne matano mpaka siku nzima juu ya changarawe, na mizigo, na maji. Ubingwa wa dunia wa UCI wa graveli ulianza 2022 kule Veneto, Italia, na kitu kilichonifurahisha ni kwamba walioshinda, Gianni Vermeersch na Pauline Ferrand-Prévot, wote wawili ni watu waliokulia pia kwenye saiklokrosi, huyo mama alishakuwa bingwa wa dunia wa saiklokrosi 2015. Kwahiyo undugu wa hizi baiskeli mbili ni wa kweli na ndo maana kuchagua kunachanganya.

Vipimo, hapa tukae kidogo

Tofauti kubwa haipo kwenye muonekano, ipo kwenye namba za mchoro wa fremu ambazo wauzaji wengi wanaziweka chini kabisa na watu hawazisomi. Kitu cha kwanza ni kranki imeshuka kiasi gani chini ya mstari unaounganisha vituo vya magurudumu. Kwenye saiklokrosi mara nyingi ni milimita 60 mpaka 70, kwenye graveli ni 70 mpaka 80. Unaweza kusema sentimita moja ni nini sasa, lakini unaisikia. Kranki ikikaa juu pedali haigongi mizizi na mawe na unaweza kuendelea kupiga pedali hata ukiwa umelalia mteremko wa pembeni, ila ukikaa juu yake kwenye barabara ndefu unajisikia kama umekaa JUU ya baiskeli. Kranki ikishuka unajisikia umekaa NDANI yake, na kwenye mteremko wa changarawe inayoteleza unatulia zaidi. Mimi nilitoka kwenye ya kwanza nikapanda ya pili siku ile ile, njia ile ile, na mikono ikaacha kubana usukani yenyewe.

Cha pili ni pembe ya foki. Saiklokrosi inakaa kwenye nyuzi 71 mpaka 72 na kidogo, graveli inalala zaidi, 69 na nusu mpaka 71 na kidogo. Ikisimama inageuka haraka, ikilala inaenda moja kwa moja bila wasiwasi. Cha tatu umbali kati ya magurudumu mawili, saiklokrosi ya saizi ya kati iko karibu na milimita 1000 mpaka 1020, graveli nyingi zinavuka hapo. Ukifunga keria nyuma na mabegi mawili, ule ufupi wa saiklokrosi unauona mara moja kwasababu kisigino kinagusa begi, na mbele inakuwa nyepesi ukipanda kilima. Sio kwamba haiwezekani, mimi nimebeba hivyo miaka miwili, nilisogeza mabegi nyuma kadri keria ilivyoruhusu nikapunguza mzigo. Lakini ukijua toka mwanzo kwamba mzigo ni kila siku basi graveli inashinda hoja.

Kingine ambacho hakiandikwi sana, ukiwa mfupi na unatumia fremu ndogo, angalia kama ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele ukikata kona. Saiklokrosi zinaathirika zaidi kwa hilo kwasababu mbele ni fupi, na ukifunga madigadi hali inakuwa mbaya zaidi. Kwenye mwendo wa kawaida haikusumbui maana ukiwa na kasi usukani haugeuki sana, inakusumbua kwenye foleni na kwenye vinjia vya kupinda taratibu. Jaribu kabla hujanunua, kaa juu, pedali ilale sambamba na ardhi, geuza usukani.

Na ile ya lami? Nitaipitia haraka. Fremu za lami za zamani zenye breki za rimu nyingi zinakomea tairi la 25 au 28, na hata mpya zenye diski zinazoruhusu 32 au 35 hazina nafasi ya tope. Kama asilimia tisini ya safari zako ni lami safi chukua hiyo ufurahi. Ukianza kusema "lakini kuna kile kipande cha vumbi" basi tayari umeshatoka huko.

Kwahiyo kati ya hizi mbili: safari za saa moja mpaka mbili, kona nyingi, mjini na porini kidogo, unapenda baiskeli inayojibu haraka, na kuna uwezekano wa kushindana, chukua fremu ya saiklokrosi. Safari ndefu, mzigo, mteremko wa mawe, mgongo usiotaka kuinama sana, chukua graveli. Na kuna fremu chache zilizokaa katikati ambazo mimi ndo nazipenda kuliko zote, mfano Surly Cross-Check, ni ya chuma, ilitengenezwa kwa upana wa milimita 132.5 kwa nyuma ili ikubali habu za 130 za lami na pia 135 za milimani, ina matundu ya keria na madigadi, na inapokea tairi nene kuliko saiklokrosi ya mashindano. Kasoro yake kwa mtu wa leo ni kwamba ni ya breki za rimu, na hapo tunaingia kwenye jambo lililonitesa zaidi.

Breki

Baiskeli yangu ya kwanza ya saiklokrosi niliifunga kantileva, zile breki za rimu zenye mikono miwili na waya unaokutana juu katikati. Zilikuwa zinapendwa kwasababu zinaacha nafasi kubwa ya tope. Siku ya kwanza nashuka kilima nikabana ya mbele, foki ikaanza kutetemeka mbele na nyuma kwa nguvu mpaka nikafikiri hedseti (beringi za usukani) imelegea. Nikaikaza, ikaendelea. Nikabadilisha raba, ikaendelea. Nilikuja kuelewa baadaye: waya wa breki ulikuwa umeshikwa juu kabisa kwenye hedseti, na breki yenyewe iko chini kwenye foki, sasa ukibana foki inajipinda kidogo kwenda nyuma, ule umbali unaongezeka, waya unavutika zaidi, breki inabana zaidi, foki inajipinda zaidi, alafu inaachia na kurudi, na mzunguko unaanza tena mara nyingi kwa sekunde. Dawa ilikuwa kifaa kidogo cha kushika waya kinachofungwa kwenye kichwa cha foki, hapo juu ya tairi, ule umbali wa kunyumbulika ukaisha na mtetemo ukaisha siku hiyo hiyo. Kama unayo fremu ya kantileva ambayo unaipenda usiitupe, fanya hivyo kwanza.

Chaguo lingine kwenye fremu kama hiyo ni breki za V, nazo ni za rimu ila mikono yake ni mirefu na waya unavuta kutoka pembeni. Zinabana vizuri sana lakini kuna mtego, vishikio vya breki vya usukani wa kupinda chini vinavuta waya mfupi kuliko vile vya usukani ulionyooka, kwahiyo V za urefu wa kawaida hazifanyi kazi vizuri, unabana mpaka mwisho na bado hazijashika. Tafuta V fupi, zenye mikono ya kama milimita 80 na kitu. Zinashika kweli, ila raba zinakaa karibu sana na rimu na tope likiingia au rimu ikipinda kidogo inaanza kusugua.

Diski sasa. UCI waliziruhusu kwenye saiklokrosi 2010 na baada ya hapo fremu zikabadilika zote taratibu. Faida yake kwa baiskeli ya kazi zote sio nguvu peke yake. Ya kwanza, tope na mchanga havisagi rimu yako, kwa breki za rimu kila ukibana kwenye matope unakuwa unailamba rimu kama msasa na siku moja ukuta wake unakuwa mwembamba wa hatari. Ya pili, rimu ikipinda kidogo unafika nyumbani. Ya tatu, na hii watu wanaisahau, unaweza kubadilisha saizi ya gurudumu, nitaeleza mbele.

Kati ya diski za waya na za mafuta, za mafuta zinabana kwa kidole kimoja na pedi zikiisha zinajisogeza zenyewe. Za waya unazisogeza kwa mkono kila pedi zinapokula, na kwenye nyingi ni pedi moja tu inayosukuma diski kuelekea nyingine. Lakini za waya zinatengenezeka popote kwa spana ndogo na waya wa kawaida, za mafuta zikiingia hewa unahitaji vifaa na mafuta sahihi, na mafuta hayachanganywi, Shimano wanatumia mafuta ya madini na breki nyingi za SRAM zinatumia DOT, ukiweka isiyo yake mipira ya ndani inaharibika. Mimi safari zangu za mbali nafunga za waya, na baiskeli ya karibu na nyumbani ina za mafuta. Mtu akiniuliza moja tu nitasema za mafuta, isipokuwa kama unaenda sehemu ambayo ikiharibika ni wewe na mfuko wako wa zana. Na tafadhali, zikiwa mpya usiende nazo mteremkoni moja kwa moja, tafuta sehemu tambarare, kimbia, bana taratibu mpaka karibu kusimama, rudia mara ishirini hivi, pedi ziizoee diski.

Chuma, alumini, kaboni

Hapa sitakaa sana maana watu wanabishana kuliko inavyostahili. Tairi la 38 lenye upepo sahihi linakupa ulaini kuliko tofauti ya chuma na alumini. Chuma ni kizito kidogo, kinachomelewa na fundi wa kawaida, na ndo peke yake unachoweza kukitanua nyuma kutoka 130 kwenda 135 bila kukiharibu, alumini na kaboni usijaribu kabisa. Alumini ni nyepesi, haina kutu, na kwa mtu anayeshindana anayeangukaanguka ni chaguo zuri sana. Kaboni ni nyepesi zaidi na nzuri kubeba begani, lakini kwa baiskeli itakayofungwa kwenye vyuma vya maegesho kila siku na kugongwa na nyingine, mimi roho inaniuma. Ukinunua fremu iliyotumika chunguza miguu ya nyuma kwa ndani, pale tairi linapopita, ukikuta tope lililosaga mpaka nyuzi za kaboni zinaonekana achana nayo.

Cha kuangalia zaidi ya malighafi ni pale beringi za kranki zinapoingia. Zile za kusokotwa kwa nyuzi, kama skrubu, zinatulia, zile za kusukumizwa ndani nyingi zinaanza kulia maji na vumbi vikiingia. Mimi nachagua za nyuzi kila nikiweza. Kumbuka tu kwamba kwenye zile za kawaida za Kiingereza upande wa mnyororo nyuzi zake zinaenda kinyume, unakaza kwa kuzungusha kinyume na saa, nimeona watu wanang'ang'ana kuifungua na kumbe wanaikaza.

Gia, moja mbele au mbili?

Tuweke namba maana bila namba ni kelele tu. Chukua tairi la 700 kwa 38 (700 ni saizi ya gurudumu, 38 ni upana kwa milimita), likizunguka mara moja linaenda kama mita 2.19.

Mpango wa kwanza, gia moja mbele yenye meno 40, kaseti (lile rundo la gia za nyuma) meno 11 mpaka 42. Kwenye gia nzito kabisa ukizungusha pedali mara 90 kwa dakika unakwenda kama kilomita 43 kwa saa. Kwenye nyepesi kabisa, ukichoka unazungusha mara 60, unapanda kwa kilomita 7 na nusu kwa saa. Mpango wa pili, ule wa saiklokrosi wa miaka mingi, 46 na 36 mbele, nyuma 11 mpaka 32. Juu unapata karibu kilomita 49 na nusu, chini ni karibu 9. Mpango wa tatu, 46 na 30 mbele, nyuma 11 mpaka 34, juu ni ile ile ya pili lakini chini unashuka mpaka 7.

Umeona kitu? Mpango wa pili ambao ndo unakuja kwenye baiskeli nyingi za saiklokrosi zilizotumika ni mgumu kuliko zote kwenye kilima, na ndo sababu mtu anainunua, anafunga mzigo, anapanda kilima cha kwanza na kushuka kusukuma. Sio kwamba hana nguvu, gia zile ziliwekwa kwa mtu anayekimbia saa moja bila mzigo, na kilima kikizidi anashuka anakimbia kwa miguu kwa makusudi.

Gia moja mbele raha yake ni kwamba ina vitu vichache vya kuharibika, tope halina pa kukwama, mkono wa kushoto unabaki na breki tu, na ukiwa na gia ya mbele yenye meno ya mapana na membamba yanayopishana pamoja na kibadilisha gia cha nyuma chenye kufuli la kuzuia kuyumba, mnyororo hauruki hata kwenye mawe. SRAM walileta seti yao ya saiklokrosi ya namna hii 2014 na Shimano wakaja na GRX, seti yao ya graveli, 2019, sasa hivi imekuwa kawaida. Shida yake ni mapengo. Kaseti ya 11 mpaka 42 ya gia kumi na moja inatoka 11 kwenda 13, hiyo ni asilimia 18 kwa hatua moja, wakati ile ya 11 mpaka 32 inatoka 11 kwenda 12, asilimia 9. Ukiwa kwenye kundi kwenye lami mwendo umekaa mmoja, ile hatua kubwa inakukera, hii nzito mno ile nyepesi mno. Porini huisikii kabisa maana mwendo unabadilika kila sekunde.

Chaguo langu kwa kazi zote ni mpango wa tatu kama lami ni nusu ya maisha yako, na wa kwanza kama tope ni nusu. Wa pili mwachie anayeshindana.

Na kwa anayejenga kwa vipuri vya zamani, ambavyo mimi navipenda sana, shifta (vibadilishio vya gia vya mkononi) za lami za Shimano za gia kumi, zile za kabla ya toleo la Tiagra 4700, zinaelewana na kibadilisha gia cha milimani cha gia tisa, kwahiyo unaweza kuweka kaseti kubwa ya kupandia kilima bila kununua seti mpya nzima. Hii imeniokoa. Ila usidhani kila kitu cha gia kumi kinaelewana, cha milimani cha gia kumi hakielewani na hizo shifta, nilikaa jioni nzima nakaza na kulegeza waya kabla sijakubali.

Magurudumu na tairi

Kama hela inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada, iwe seti ya pili ya magurudumu. Sio fremu ya gharama, sio kranki nyepesi. Seti moja ina tairi za lami za 30 hivi, nyingine ina za 38 au 40 zenye meno, kila moja na kaseti yake na diski zake, unabadilisha kwa dakika tano na una baiskeli mbili. Hapo ndo ile ahadi ya kazi zote inatimia.

Angalia ekseli kabla hujanunua. Fremu za diski za sasa ni ekseli nene ya kupenya, 12 kwa 100 mbele na 12 kwa 142 nyuma, za kizamani ni ekseli nyembamba ya kubana haraka, 100 mbele na 135 nyuma kwa diski au 130 kwa rimu. Habu zingine zinabadilishwa kwa vifuniko vya pembeni, zingine hazibadiliki.

Ile habari ya saizi niliyosema. Gurudumu la 700 tairi linakaa kwenye kipenyo cha milimita 622, la 650B ni 584. Chukua 584 ongeza tairi la 47 juu na chini unapata 678. Chukua 622 ongeza tairi la 28 juu na chini, unapata 678 vilevile. Yaani kwenye fremu ya diski unaweza kutoka tairi jembamba la lami kwenda tairi nene la porini na kranki ikabaki urefu ule ule kutoka chini. Ila upana ndo wa kupima, fremu nyingi za saiklokrosi hazina upana wa 47 kwenye miguu ya nyuma, za graveli nyingi zinao. Acha angalau milimita 5 kila upande, usipime kwa tairi jipya likiwa safi ukaridhika. Mimi niliweka 38 mahali pa 35, ilipita vizuri kabisa sebuleni, siku ya tope la mfinyanzi gurudumu liligoma kuzunguka, nikaibeba baiskeli, na rangi ya fremu ilitoka mpaka kwenye chuma.

Tyubulesi au tyubu? Kwa tairi kuanzia 33 kwenda juu mimi nasema tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu lenye dawa ya maji ndani ya kuziba matundu, kwasababu unaweza kushusha upepo bila tyubu kubanwa kati ya rimu na jiwe na kutoboka matundu mawili. Miiba midogo inajiziba yenyewe. Lakini dawa ya ndani inakauka, kwenye joto inakauka mapema, fungua ucheki kila baada ya miezi miwili mitatu, na tyubu ya akiba beba siku zote maana mpasuko mkubwa dawa haiuzibi. Kama baiskeli itakaa wiki nyingi bila kuguswa, tyubu ni amani zaidi.

Kuiendesha ilivyo

Upepo ndo gia ambayo watu hawaitumii. Kwenye tairi la 33 la tyubulesi mtu wa kilo 70 anaweza kukimbia tope na PSI (kipimo cha upepo) 25 hivi, kwenye 40 changarawe anaweka kama 30 mpaka 35, na akienda kazini kwenye lami na mzigo anapandisha. Mzito zaidi aongeze, mwepesi apunguze, na nyuma iwe juu kidogo kuliko mbele. Shusha mbili mbili, rudia kona ile ile, mpaka usikie rimu inakaribia kugonga alafu rudisha mbili. Bora pampu yenye saa ya kupima upepo, kidole kinadanganya sana kwenye hizi tairi nene.

Na hata kama hutashindana kamwe, jifunze kushuka na kupanda kama watu wa saiklokrosi. Mguu wa kulia unavuka juu ya siti, unapita nyuma ya ule wa kushoto, mkono wa kulia unashika bomba la juu, unaachia pedali ya kushoto ukiwa tayari unatembea. Kupanda ni kusukuma na kutua kwa paja, sio kuruka na kukaa kwa kishindo. Fanya kwenye majani, mwendo wa kutembea tu, dakika kumi kila jioni. Kwenye mti ulioanguka, kwenye ngazi, kwenye daraja la waenda kwa miguu, hutasimama ukaanza kuitafuta namna ya kuivusha. Hapo ule wepesi wa saiklokrosi na lile bomba la juu lililobapa kwa chini vinaonekana vina maana gani begani, na kwenye hili graveli nyingi zenye bomba lililoinama na mabegi katikati haziifikii.

Ukishaifunga yote usikate waya na bomba la foki siku ya kwanza. Acha spesa (pete za kujazia) juu na chini ya stemu (shingo inayoshika usukani), endesha wiki mbili tatu, shusha usukani sentimita moja, pandisha, ukishapata pale mgongo na mikono vinaponyamaza ndo ukate.